Nguo Zetu Ndani ya Kiota

Nilifika darasa la nne tu, na hata hilo sikulimaliza, kwa hiyo anayetafuta maneno ya kupambwa aende kwingine. Naandika jambo hili kwa sababu hapa Kaloleni, Nairobi, linasimuliwa vibaya. Wako wanaosema nilifukuza ndege kwa dawa ya nyumbani. Wako wanaosema nilipanda mti uchi. Sikupanda uchi. Nilipanda na gauni langu na sweta, mchana, watu wakiona.

Nyuma ya nyumba yetu kuna mkuyu wa zamani, na nyuma ya mkuyu kulikuwa na maji. Bomba lilipasuka chini ya ardhi, mwaka gani sikumbuki, na wenye bomba wakaliacha. Maji yakajitafutia mahali pa kukaa. Matete yakaota. Kisha wakaja vyura, na mpaka leo sijui walipitia wapi, maana upande mmoja ni barabara kubwa na upande mwingine ni reli. Jioni walilia hadi ukalazimika kupaza sauti ukitaka kusikika na mtu aliye jikoni. Sisi tuliotoka magharibi ya nchi tuliipenda kelele ile. Tulilala nayo vizuri, hatukujiuliza zaidi.

Baada ya vyura wakaja ndege wawili.

Ni ndege wa rangi ya udongo, hafikii kuku kwa ukubwa, na kichwa chake kimechongoka mbele na nyuma kama nyundo. Vitabuni anaitwa fundichuma. Kwetu ana jina lingine ambalo sitaliandika. Walijenga kwenye panda ya mkuyu, vijiti juu ya vijiti, matope juu ya matope, mpaka kile kiota kikawa kikubwa kuliko kochi langu. Mtu mzima angesimama juu yake na kisivunjike. Mlango wake uko pembeni, kwa chini, tundu jeusi lililosiribwa matope laini, ungedhani fundi alipitisha mwiko. Juu ya paa wanaweka takataka: mifupa, makaratasi ya plastiki, matambara. Na wakishafanya kazi, mmoja anampanda mwenzake mgongoni na wote wawili wanapiga ukelele wa kucheka. Ni cheko la mtu ambaye hana jambo la kuchekea.

Mume wangu alikuwa bado hai walipoanza. Alikuwa amestaafu reli, anaumwa, na kutwa nzima alilala kwenye kitanda cha kamba hapo nyuma, akiwatazama. "Hawa wanajenga kama wanaolipwa," alisema. Alikufa kabla hawajamaliza paa.

Sasa lazima niseme tulivyolelewa. Kwetu kuna mambo mawili juu ya ndege huyu, na kila mtoto anayajua kabla ya kujua kuhesabu. La kwanza, akichukua kitu cha mwili wako, nywele au nguo, akakijenga ndani ya nyumba yake, basi na wewe unaanza kuisha. La pili, anayebomoa nyumba ya ndege huyo, na yake itabomoka. Pasta alishatuambia tuache hayo. Nami nakaa kiti cha mbele kanisani, naitikia amina. Lakini kanisani hakuna mkuyu.

Mwanangu anafanya kazi kiwandani kule Industrial Area, na yeye na mkewe wanaishi nami. Mkamwana wangu huyu alikuwa amepoteza mimba mbili. Ya pili ilifika miezi saba. Aliporudi kutoka hospitalini alichukua lile dera la maua ya manjano alilokuwa akivaa, akalikata vipande virefu vya kupigia deki, kwa sababu hakutaka kuliona tena likiwa nguo. Sikumkataza.

Mwaka uliopita akashika mimba ya tatu. Ilikuwa na miezi mitano siku aliponiita nikiwa nachambua managu ya kuuza.

"Mama, njoo uone."

"Nione nini? Mboga zinakauka."

"Njoo tu."

Alikuwa amesimama chini ya mkuyu, mkono mmoja tumboni, mwingine unaelekeza juu. Kwenye ukuta wa kiota, karibu na mlango, palitoka kitambaa kirefu kilichosukwa ndani ya vijiti. Kilikuwa cha maua ya manjano.

"Ni tambara la deki hilo," nikamwambia.

"Ni dera la mtoto wangu."

"Tambara. Ulilianika ukalisahau, ndege akaokota."

Siku hiyo hakula ugali. Kesho yake hakula chochote, na keshokutwa akanywa chai ya rangi akaitapika. Akimtazama mtu alimtazama kwa pembeni, sikio limeelekea mkuyu. Mwanangu akanifuata jikoni.

"Mama, anasema anaisha."

"Haishi. Hali chakula."

"Basi tufanye nini? Nipande nikibomoe?"

"Wewe? Na mkeo ana mimba?"

Kwetu mwanamume ambaye mke wake ni mjamzito habomoi nyumba ya kiumbe chochote, hata ya chungu. Alilijua hilo vizuri, alitaka tu nilitaje mimi.

Tukaita kijana kutoka Mukuru kwa Njenga, mtu anayezunguka mitaani na panga akipogoa miti. Alikuja na maneno mengi, na bibi kwake ni Shosh.

"Shosh, niaje?"

"Niaje ni ya rika lako. Mimi nasalimiwa shikamoo."

"Shikamoo, Shosh. Kazi iko wapi?"

Nikamwonyesha. Aliupanda mti kama ngazi, akafika nusu, akatazama juu, akateremka polepole zaidi ya alivyopanda. Alipofika chini alifuta mikono kwenye suruali mara nyingi, ingawa hakuwa amegusa kitu.

"Shosh, nikate mti wote, sawa. Nikuangushie mpaka mizizi. Lakini hiyo keja ya huyo ndege, zii. Siguzi."

"Mti ukianguka na kiota si kinaanguka?"

"Hapo ni mti umekiangusha. Si mimi."

Nilimfukuza. Lakini usiku ule maneno yake yalinikaa. Huyu mtoto wa mjini, asiyejua hata kijiji cha babu yake, alikuwa amegundua mlango wa kutokea. Kumbe unaweza usiiguse nyumba, ukagusa kitu kingine, na mwenye nyumba akaondoka mwenyewe.

Siku zilizofuata nilihamisha kibao changu cha kukalia nikichambua mboga hadi nyuma, nikawatazama wale ndege kama polisi. Nikaona kwamba wanautumia mkuyu kwa kulala na kucheka tu. Maisha yao yalikuwa ndani ya maji. Asubuhi wanashuka kwenye ukingo wenye kina kifupi, mmoja anatikisa mguu ndani ya tope, taratibu, kama mtu anayetafuta kiatu gizani, na kiluwiluwi kikiruka anakidaka. Matope ya kusiribia wanatoa hapohapo. Hawakupenda mahali wanapofulia wanawake, walikaa upande wa matete ambako hakuna anayepita. Na vijiti walivitoa kwenye miti iliyo kando ya reli.

Nikaelewa. Walikuwa wamefanya kama nilivyofanya mimi nilipoletwa Nairobi nikiwa bibi harusi. Mume wangu alinionyesha nyumba, akanionyesha kuta na vigae. Mimi nikauliza: maji yako wapi, sokoni ni mbali gani, kazini utatembea saa ngapi, jirani ni nani. Ukuta nitaufanyia nini? Hata ndege hachagui mti. Anachagua mahali pote kwa pamoja, na mti ni kitanda tu.

Basi nikafunga maji.

Nilikwenda ofisi ya wenye bomba asubuhi, nikakaa kwenye benchi yao na kikapu changu. Siku ya pili nikaja tena. Siku ya tatu yule msichana wa dirishani akasema, "Nyanya, umerudi?" nikamwambia nitazikwa hapa hapa mlangoni kwenu. Wiki hiyohiyo walikuja watu watatu, wakachimba, wakafunga, wakaenda. Kazi ya asubuhi moja. Miaka yote ile ilikuwa kazi ya asubuhi moja.

Wanawake waliokuwa wakifulia hapo hawakunisalimia.

"Kukhu, umetukosea," akasema jirani yangu wa mlango wa pili, mwimbaji wa kwaya. Kukhu ndiyo nyanya kwa lugha yetu. "Maji ya bure, umetuuza kwa kanjo wa jiji."

"Maji hayo hayakuwa ya kwako."

"Yalikuwa ya nani? Ya ndege?"

Nilicheka. Sikujua kwamba ameuliza la maana.

Jioni ya kwanza vyura walilia kama kawaida. Jioni ya pili walilia wachache, kwa sauti ya juu. Jioni ya tatu nilikuwa nakoroga ugali nikaacha mwiko, kwa sababu nilisikia pumzi yangu mwenyewe. Nikatoka nje. Majirani nao walikuwa wametoka, kila mtu mlangoni kwake, wanatazamana. Kimya kile kilitushika mwilini. Baadhi yetu tulikuwa hatujasikia kimya mahali pale tangu tulipokuwa wasichana.

Wale ndege wawili walisimama kwenye tope lililopasukapasuka. Mmoja akatikisa mguu. Vumbi likaruka. Akatikisa tena. Nilimtazama akifanya hivyo mpaka jua likazama, na sikumwonea huruma, nasema ukweli, nilishukuru. Siku chache baadaye waliondoka. Hawakucheka wakiondoka.

Nikamwambia mkamwana wangu, "Wamehama. Hakuna aliyewagusa. Sasa kula."

Alikula kidogo. Kwa siku kumi hivi tulikuwa na amani.

Kisha jioni moja, saa kumi na mbili, bado kuna mwanga, akaingia jikoni.

"Mama, kuna mtu amelala kwenye mti."

"Mtu gani?"

"Anakoroma."

Nikatoka. Ni kweli palikuwa na mkoromo. Pumzi ndefu, nzito, inakwaruza, inakatika, inaanza tena. Ilitoka kwenye lile tundu jeusi. Nami, naandika kama ilivyokuwa, nilifikiri juu ya mume wangu, kwa sababu wiki zake za mwisho alipumua hivyo hivyo, hapo hapo chini, kwenye kitanda cha kamba. Nikaokota jiwe. Halafu mlangoni pakatokea uso mweupe, bapa, hauna mdomo, macho mawili meusi ndani yake kama mashimo. Ukatutazama. Ukazungusha kichwa upande, taratibu, ukatutazama vingine.

Alikuwa bundi.

Mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa bundi ni nini. Nilikuwa nimemfukuza ndege mmoja tunayemwogopa nikamkaribisha mwingine tunayemwogopa zaidi, na nyumba nimempa ikiwa imejengwa, imesiribwa, tayari.

Siku hizo alikuja msichana wa chuo kikuu aliyekuwa akizunguka mitaa ya Eastlands akihesabu ndege, na darubini shingoni. Alikuwa ameambiwa kuna fundichuma Kaloleni. Akatazama kiota, akatazama udongo mkavu, akanitazama.

"Kukhu, kulikuwa na maji hapa?"

"Kulikuwa."

"Yalikwenda wapi?"

"Niliyafunga mimi."

Hakunikaripia. Angenikaripia ningemjibu. Alikaa kwenye kibao changu akasema walikuwa wamepanga kuweka uzio kuzunguka mkuyu na bango la kukataza watu kuukata, ili ndege wale wabaki. Nikamwambia hata wangeuweka, ndege wangeondoka vilevile. Akasema, "Najua. Ndiyo sababu sikulaumu." Kuhusu bundi akanieleza kwamba huyo hajengi, anatafuta tundu kavu lenye giza, na karibu yake panya. Tundu alilipata, na panya wa Kaloleni unawajua, kwa hiyo hakuitwa na mtu. "Nyumba nzuri haikai tupu, Kukhu," akasema. "Ukimtoa mmoja, hujui utamwingiza nani."

Nilimweleza mkamwana wangu maneno hayo yote. Alisikiliza kwa adabu. Kisha akaanza kukunja nguo zake kwenye mkoba.

Alikuwa na miezi minane. Alitaka kupanda basi aende kwa mama yake magharibi, kutwa nzima barabarani, matuta na mashimo, akiwa na tumbo ambalo madaktari walimwambia hata ndoo asibebe. Mwanangu alimsihi. Mimi nilimkaripia. Hakubishana na yeyote.

"Dera langu bado liko mle ndani, Mama," akasema tu. "Na sasa kuna anayelilalia."

Nilijua akipanda lile basi tutazika tena. Nilijua pia kwamba maneno yangu yamekwisha. Nikaenda kwenye ukumbi wa mtaa, nikaazima ngazi wanayobadilishia balbu, nikamwita mwanangu aishike.

"Mama, utaanguka."

"Shika ngazi."

"Mama, na ile habari ya kubomoa..."

"Sibomoi. Natoa kilicho chetu. Na kama ni kuanguka kwa nyumba, iwe yangu, nimeshakaa ndani yake vya kutosha. Shika ngazi!"

Watu walijaa. Mwimbaji wa kwaya akaanza wimbo, nikamwambia anyamaze, sijafa. Nikapanda. Nilikulia kwenye miti, miguu haisahau. Nilipofika juu uso wangu ulikuwa sawa na lile tundu, na hewa iliyotoka ndani ilikuwa ya joto, yenye harufu ya nyama ya zamani. Palikuwa na vifaranga vinne, vyeupe, vimepangana kwa kimo. Vilikuwa vinayumba huku na huku kwa pamoja, vikitoa ule mkoromo. Mama yao alisimama nyuma yao, hakuruka. Alinitazama tu. Nikamwambia kwa lugha yetu kwamba sikuja kwake.

Nikavuta lile dera. Lilitoka taratibu, na lilipotoka likavuta vingine, kwa sababu vilikuwa vimesukwa pamoja. Nikawa navuta na kudondosha chini: soksi ya mtoto, kipande cha tai ya shule, kamba ya barakoa, chuchu ya chupa ya maziwa, mkanda wa plastiki wa hospitali, rasta nyeusi ndefu ya kusukia nywele.

"Hiyo ni rasta yangu!" akapiga kelele mwimbaji. "Ile ya Krismasi!"

"Na mbona bado unatusumbua? Si ungekuwa umeisha?"

Watu wakacheka, kwanza kwa woga, kisha kweli. Wakaanza kuokota. Hii ni ya kijana wangu. Hii ni leso ya marehemu, hapana, si ya marehemu, ni yangu. Kila mlango wa safu yetu ulikuwa na kitu mle. Mkamwana wangu alisimama katikati yao na tambara lake la manjano mkononi, akiwatazama mmoja mmoja wakipata vyao, watu wazima, wanene, wenye kelele, wanaogombania matambara. Nikaona mabega yake yakishuka.

Kitu cha mwisho sikukidondosha. Kilitoka baada ya rasta, kipande cha blanketi la kijivu lenye mstari mwekundu. Blanketi lile mume wangu alijifunika siku zote alizolala pale chini. Sijui ndege walilikata lini. Sijui kama alikuwa tayari anaumwa sana, au kama alianza kuumwa sana baada ya hapo. Nimejaribu kukumbuka na siwezi. Nilikikunja mkononi, chini wakiwa wanacheka, nikakisukuma ndani tena, mbali, mpaka vidole vyangu vikagusa manyoya ya kifaranga.

Kisha nikateremka. Mwanangu akaniuliza mbona nimekawia. Nikamwambia miguu.

Mkoba wa mkamwana wangu ulirudi juu ya kabati. Jioni hiyo alikula ugali na mrenda, akaongeza.

Fundichuma hawakurudi. Msichana wa chuo alinishauri niweke maji, nikaweka karai. Maji ya karai yanakaa karai. Hayana tope, hayana matete, hayana chura, na aliyezoea mahali pote hawezi kudanganywa na kipande. Mtu anayetaka kulinda mnyama namwambia asianze na uzio. Atafute kibao, akae siku nyingi, aone huyo mnyama anakwenda wapi asubuhi. Mimi nilikaa, nikaona vizuri kabisa, nikatumia nilichokiona kumfukuza. Macho yale yale yangeweza kumweka.

Mtoto alizaliwa siku zake zilipotimia, msichana, mapafu yake yakisikika hadi kwenye korido. Walipomleta nyumbani ilikuwa alasiri. Mkamwana wangu hakuingia ndani. Alizunguka na mtoto hadi nyuma, akasimama chini ya mkuyu, nami nikamfuata kwa sababu sikujua anataka kufanya nini. Mle juu bundi walikuwa wanapumua ile pumzi yao. Alimfunua mtoto uso.

"Huyu ndiye," akawaambia. "Mmeshamwona. Sasa msimwangalie sana."

Mtoto akafumbua macho. Pumzi ikakatika mle kiotani, yote kwa pamoja. Tukasubiri. Haikuanza tena.

"Mama," akasema, akimfunika mtoto, "chai iko?"

Nikasema iko.